Mpasuasanda wa Foleni ya Malaba

"Nikikubatiza mimi, hata mama aliyekuzaa atasahau alichokuita."

Okiria alitamba hivyo kwa maiki, mbele ya mchungaji, waombolezaji na maiti, kwenye mazishi ya mbadilisha pesa mmoja pale Malaba. Alikuwa ameombwa aseme maneno mawili juu ya marehemu. Akasema mengi, na karibu yote yakawa juu ya Okiria. Marehemu alilala kwenye jeneza lake akingoja zamu ambayo haikufika. Watu walicheka mpaka mjane naye akacheka, halafu mjane akakumbuka yeye ni nani siku hiyo, akarudi kulia.

Na haikuwa sifa ya bure. Jina la ubatizo la marehemu lilikuwa limechapishwa kwenye karatasi za mazishi, refu, na picha yake akiwa na tai. Lakini watu wa foleni walifika wakiuliza njia ya kwenda kwa Bundi. Walimjua kama Bundi, walikopa kwa Bundi, na sasa walikuja kumzika Bundi. Okiria ndiye aliyempa hilo jina, kwa ajili ya miwani na ile shingo iliyoweza kugeuka huku mabega hayana habari.

Okiria alikuwa mlinzi wa foleni. Malori ya kwenda Uganda hujipanga kutoka mpakani kurudi nyuma kuelekea Amagoro, mengine yanalala hapo, na dereva akilala lazima awepo mtu wa kuangalia matairi, dizeli na vioo vya pembeni. Mtu huyo alikuwa Okiria, na koti lake la mtumba lililoshonewa Mzungu mnene, tochi mkononi, rungu kwapani. Kazi yenyewe ilikuwa kukaa macho tu. Na mtu anayelipwa kukaa macho, asipokuwa na la kufanya, hutafuta la kusema.

La kusema alilitoa Mombasa. Ujanani alikuwa taniboi, msaidizi wa dereva, kwenye malori ya huko, na katika yadi moja ya makontena alikutana na mlinzi mzee wa pwani aliyemfundisha ndege wa usiku, sauti kwa sauti. Okiria alirudi Malaba na redio, kikohozi, na majina manne. Bundi, huyo kila mtu anamjua. Babewatoto, bundi mkubwa wa kutisha watoto. Chekeamwezi, yule mwenye miguu mirefu anayepiga kelele mwezi ukitoka. Na mpasuasanda.

Huyu mpasuasanda watu wa Malaba walikuwa wakimwona kila siku. Ni yule ndege wa rangi ya vumbi anayekuja kulalia lami jua likizama, lami ikiwa bado ina joto. Hajengi kiota. Mayai anayataga chini, peupe, kama mtu aliyefukuzwa nyumba. Taa za lori zikimpiga, macho yake yanawaka mekundu, na anangoja mpaka gurudumu liko karibu kabisa ndipo aruke. Mara nyingine anakosea hesabu. Waswahili, alieleza Okiria, wanasema sauti yake ni ya sanda ikichanwa, na akilia karibu na nyumba ujue nguo nyeupe inakatwa kwa ajili ya mtu.

Si kwamba ndege hao hawakuwa na majina ya Kiteso. Walikuwa nayo, na mama yake Okiria, ajuza Anyait, aliyajua yote. Lakini nyumbani kwa Anyait majina hayo hayakutamkwa jua likishazama, na la huyo wa barabarani halikutamkwa hata mchana. Akilia nyuma ya nyumba, Anyait alikuwa anapiga kofi moja na kusema, "Yule amekuja," basi. Mwanawe aliporudi na jina la pwani, ajuza alilionja mdomoni kama ugoro mpya, likampendeza.

"Hili halina meno," alisema. "Halijui mlango wa mtu huku."

Akawa analitumia bila woga, jinsi mtu anavyotukana kwa lugha ambayo si yake.

Okiria alipoona majina ya ndege yamekubalika, akaanza kuyagawa kwa watu. Dancan, taniboi mmoja aliyecheka kabla ya mzaha kuisha, akawa Chekeamwezi. Karani mmoja wa mawakala wa forodha akawa Babewatoto.

"Boss, mimi niko na watoto wanne tu," karani alijitetea.

"Upande huu," Okiria akasema.

Foleni nzima ikacheka, na kule ng'ambo mwanamke mmoja akaanza kuulizia hizo habari.

Ndipo akafika yule mama kutoka Mundika. Alikuja na jina lake, kama mtu mwingine yeyote, lakini hakuna aliyeliuliza. Alikuja jioni moja na chupa mbili kubwa za chai, beseni la chapati na binti yake Yvonne akiwa bado anavaa sare za shule. Hakuwa na kibanda wala meza. Alitandika gunia kando ya lami, akakaa chini, akapanga vikombe. Halafu akatoa shuka jeupe kwenye mfuko, akaling'ata pindo, akalichana. *Raaaa.* Akachana tena. Alikuwa anatengeneza vitambaa vya kufungia chapati zisipoe.

Okiria alikuwa ameegemea tairi hapo karibu, na madereva kama sita wakimsikiliza. Aliinua kidole.

"Nyamazeni. Mmesikia hiyo? Amekaa barabarani, hana kiota, na anachana sanda. Mabwana, Mpasuasanda amefika."

Walicheka wote. Dancan alicheka mpaka akapiga lori ngumi. Mama wa Mundika aliinua macho, akatabasamu kidogo, kwa sababu mgeni akiona watu wanacheka anadhani anakaribishwa.

Baada ya siku chache Dancan alipata habari, akaja kumtafuta Okiria bila kucheka, kitu ambacho hakijawahi kuonekana.

"Mzee, lile shuka."

"Limefanya nini?"

"Ni nusu. Ile nusu ingine alimzikia bwanake. Hata arobaini haijaisha. Hilo jina mtolee tu."

Okiria alifikiri kidogo. Kusema kweli lilimchoma. Lakini alikuwa na watazamaji, na mtu wa aina yake akichagua kati ya huruma na watazamaji, huruma inarudi nyumbani kwa miguu.

"Jina si shati la mtumba," alisema, "ati halijakutosha urudishe. Likishatoka limetoka."

Madereva wakalirudia hilo nalo, likafika mpaka Tororo.

Sasa, dereva wa masafa ni mtu anayeamini breki zake nusu na ndoto zake zote. Mmoja alikunywa chai ya Mpasuasanda, akavuka, lori likamlalia kule mbele ya Iganga. Alikuwa amepita pia kwenye baa tatu. Lakini baa hazikuwa na jina la ndege. Kuanzia hapo wengi walianza kuruka kikombe chake. Wengine walinunua chapati, wakaacha chai, eti chapati haina maji ya kubeba laana. Mama alisukumwa taratibu kutoka mbele ya foleni, pale lori linapokaa hadi dereva apate njaa, mpaka mkiani, pale lori linasimama, linasonga, na mteja anaondoka na kikombe chako.

Aliliitikia lile jina. Angefanyaje? Asipoitikia hauzi.

"Mpasuasanda, leta mbili."

"Nakuja, boss."

Shuleni Yvonne akawa mtoto wa Mpasuasanda. Kanisani, mama wa kikundi cha maombi alimwombea kwa jina hilo hilo, macho yamefumbwa, kwa upendo kabisa.

Mara moja tu alimkabili Okiria. Ilikuwa mchana, Okiria anatoka kulala, anaenda kunyoa.

"Mzee Okiria, jina langu umewahi kuliuliza?"

"La nini, mama? Hili halikutoshi?"

Alijibu hivyo huku anatembea. Kinyozi alisikia, akacheka, akamkata kidogo nyuma ya sikio. Hayo ndiyo malipo pekee aliyoyapata kwa miaka mingi.

Okiria alikuwa na mwana mmoja, Olinga. Mke alikuwa ameshaondoka zamani kumfuata mwanaume asiyekuwa mcheshi. Olinga alikuwa mtulivu, mrefu, na alikuwa na kasoro moja machoni pa baba yake: hakuwahi kuitikia jina la utani. Okiria alimjaribia matatu, hakuna lililoshika. Moyoni alijivunia hilo kuliko kitu chochote alichokuwa nacho, na hakuwahi kulisema.

Miaka ikapita, Olinga akaenda akampenda Yvonne. Katika wasichana wote wa pande mbili za mpaka.

"Umeenda kutaga barabarani," baba alimwambia.

"Nimeenda kukaa na mtu, baba."

Walikaa tu, kama vijana wengi wanavyokaa siku hizi. Hakuna mzee aliyetumwa Mundika, hakuna ng'ombe aliyetajwa, hakuna siku ambayo familia mbili zilikaa kwenye viti vya kukodi na kutajiana majina ya ukoo. Okiria alisema atatuma wazee msimu wa mavuno. Misimu ikaja na kwenda. Ukweli ni kwamba aliona haya kwenda kuomba binti kwa mzaha wake mwenyewe.

Olinga alikuwa taniboi wa malori ya Juba. Alipita jioni moja, akanywa chai kwa mama mkwe wake pale mkiani, akamwachia Yvonne simu yake nzuri akabeba ile mbovu, akapanda. Lori lilipinduka mbele ya Nimule. Walimrudisha kwa gari lililobeba pia matunda, na kwa muda mrefu Okiria hakuweza kupita karibu na nanasi.

Siku ya mazishi walimpa maiki. Walimpa kwa mazoea tu, maana hakuna mazishi Malaba yaliyokuwa yamefanyika bila Okiria kusema neno. Aliishika kwa mikono miwili. Hakusema mzaha. Aliuliza swali.

"Mwanangu jioni ile alikunywa chai ya nani? Semeni. Mnamjua."

Mchekeshaji akishaanza kuamini mizaha yake mwenyewe, huyo amepotea na hakuna wa kumwambia. Watu waligeuza vichwa. Mpasuasanda alikuwa amekaa kwenye mkeka na akina mama, kikombe mkononi. Alikiweka chini. Akainuka, akavuka uwanja mbele ya watu wote, akakaa kando ya Yvonne, ambaye tumbo lilikuwa limeanza kuonekana, akamshika mkono. Dancan alitaka kucheka kwa woga, akajiziba na kofia.

Baada ya hapo Okiria aliacha kugawa majina. Madereva walimletea mataniboi wapya, "Mzee, huyu naye tumwiteje?" naye akawaangalia kama watu wanaoongea ndani ya maji. Akawa anangoja kitu kimoja tu. Mtoto.

Kwao Wateso, mtoto hapewi jina. Mtoto hulichukua. Siku ikifika, wanawake wa pande zote mbili hukaa ndani na kibuyu cha ajono, ile pombe ya wimbi, na bibi huchovya kidole, hukiweka kwenye midomo ya mtoto, na kutaja jina la mtu wao aliyelala. Mtoto akikataa kidole amekataa jina. Linatajwa lingine. Akinyonya, yametimia, aliyelala amerudi nyumbani kwa njia hiyo, na hakuna askofu wala chifu wa kulibadilisha. Okiria alitaka jina moja. Olinga arudi. Aliwaza hivyo kwenye koti lake, kati ya malori, mpaka akawa anasema kwa sauti bila kujua.

Mtoto alizaliwa, wa kiume, kichwa cha Olinga kabisa.

Asubuhi ya siku ya jina Okiria alimfuata Yvonne jikoni.

"Usimnyonyeshe."

"Baba, analia tangu jua litoke."

"Alie. Nataka akifika kwa kidole awe na njaa. Asichezecheze."

Yvonne alimwangalia, akamfunga mtoto mgongoni. Kulia kwa mtoto kukawa kama king'ora cha gari la wagonjwa lililokwama kwenye foleni.

Ndani ya nyumba ya Anyait walikaa akina mama wa upande wa Okiria ukutani huku, na upande wa Mundika alikaa Mpasuasanda peke yake. Hakuna aliyemwalika wala aliyethubutu kumfukuza; bibi wa upande wa mama ana mkeka wake. Yvonne alikaa katikati na mtoto mapajani. Okiria alisimama mlangoni, mguu mmoja ndani. Nje, wanaume walikuwa wameshazunguka chungu na mirija yao mirefu, Dancan akiwa kati yao.

"Anza na Olinga," Okiria alisema.

"Siwezi kumruka baba yako," Anyait akasema. "Kijana atatangulia mzee mlangoni?"

Alichovya kidole, akakiweka kwenye midomo ya mtoto. "Omuse."

Mtoto alitema, akapiga kelele. Omuse, baba yake Okiria, alikuwa mtu mkali. Hakuna aliyesikitika sana.

Anyait alichovya tena. Okiria aliushika mwimo wa mlango.

"Olinga."

Mtoto alifungua mdomo. Lakini njaa yake ilikuwa imepita pale pa kunyonya ikafika pale pa hasira. Alijirusha nyuma akiwa mwekundu, shingo imekakamaa, kichwa kikaning'inia nje ya goti la Yvonne. Kidole cha Anyait kikamfuata hewani. Ajuza aliona kichwa cha kitukuu chake kinakwenda chini, akamgeukia mtu aliye karibu, akamwita kwa jina pekee alilolijua.

"Mpasuasanda, mshike kichwa."

Mama wa Mundika akakinga kiganja, akakiinua kichwa. Midomo ikagusa kidole. Mtoto akakishika, akanyonya.

Alinyonya kwa nguvu, kwa sauti, macho yamefumbwa, ngumi zikafunguka moja baada ya nyingine. Nyumba ilikuwa kimya kiasi cha kusikia mirija inavyovuta nje.

"Mama," Okiria alisema. "Toa hicho kidole."

"Ameshika."

"Toa. Hilo si jina, ni ndege."

Anyait hakutoa. Uso wake ulikuwa umenyauka. Alikuwa ameelewa kabla ya wote, na alikuwa na umri wa kutosha kujua kwamba kuelewa hakusaidii.

"Ni wewe uliniletea ukasema ni jina," alisema. "Mimi la kwetu sikuwahi kulitamka. Hili ulisema halina meno."

"Wewe ndiye ulisema halina meno."

"Basi angalia," ajuza akasema, na wote wakaangalia mtoto anavyonyonya.

Shangazi mmoja mzee, aliyekuwa amekaa ukutani, alikohoa. Alisema ipo njia. Bibi wa upande wa mama ndiye shahidi. Akisema hakusikia jina likitajwa, basi halikutajwa, kidole kinachovywa upya, na mtoto sasa ametulia, atashika Olinga vizuri. Ni neno moja tu. Aseme, "Sikusikia."

Macho yote yakaenda kwa mwanamke wa Mundika. Bado alikuwa ameshika kichwa cha mtoto.

Okiria aliingiza mguu wa pili. Akapiga magoti, jambo ambalo magoti yake hayakulizoea hata kanisani.

"Mama Yvonne. Nakuomba."

"Mama Yvonne ni jina la Yvonne," akasema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, ya mtu anayeuliza sukari ngapi. "Mimi naitwa nani?"

"Mkwe wangu..."

"Hujawahi kutuma mzee. Mimi naitwa nani? Nitaje, niseme sikusikia. Nitaje mara moja tu."

Okiria alifungua mdomo. Mdomo ule ambao haujawahi kukosa. Alitafuta, na kila alipotafuta alikuta pale pale shuka linachanwa na watu wanacheka.

"Roselida," alisema.

Mwanamke alikisogeza kiganja chini ya kichwa cha mtoto.

"Everline. Emmaculate. Mnaitwa hivyo huko Mundika, si mnaitwa hivyo?"

Mama mmoja ukutani alicheka kwa pua, akajifanya anakohoa. Okiria alimgeukia Yvonne. Yvonne alilijua, alikuwa ameliandika shuleni kwenye kila karatasi. Alimwangalia baba mkwe wake, yule aliyeuliza swali kwa maiki mbele ya jeneza la mume wake. Halafu akamwangalia mtoto wake. Akamgeukia mama yake.

"Mama, tafadhali. Ni mtoto wangu."

"Nyamaza, Yvonne. Mimi nimeishi nalo."

Okiria aliinuka, akatoka mbio uani. Wanaume waliinua vichwa kutoka kwenye chungu.

"Huyu mama wa chai. Mama yake Yvonne. Jina lake nani?"

Walitazamana. Dancan akatoa mrija mdomoni.

"Si Mpasuasanda?" akasema.

"Jina lake, nasema. Jina."

"Mpasuasanda," wakasema wawili, watatu, kwa nia njema kabisa. Mmoja alidhani ni mzaha umerudi, kwamba mzee amepona, akaanza kupiga makofi. Dancan, kwa furaha ya kumwona mzee wake amerudi, akacheka. Akacheka kabla ya mzaha kuisha, kama kawaida yake.

Okiria alirudi ndani mikono mitupu. Anyait alikuwa bado ameinama na kidole. Mtoto alikuwa amelala nacho mdomoni.

Mwanamke wa Mundika alikilaza kichwa cha mtoto kwenye paja la Yvonne, taratibu, akalifuta tone la pombe kidevuni kwa ncha ya leso.

"Nilisikia," alisema. "Alisema Mpasuasanda. Mtoto akanyonya. Mimi ni shahidi."

Yvonne alilia bila sauti. Mama yake alimpita, akachukua ndala zake mlangoni, akaenda kuwasha jiko, maana malori hayangoji.

Okiria alihangaika. Alimpeleka mtoto kanisani, akabatizwa Morris. Jina hilo lipo, linapumzika. Foleni ililikata jina lile jingine likawa fupi, la kuita mtoto kwa mbali, na leo ukipita Malaba utasikia akina mama wakimwita mvulana mnene anayekimbia kati ya magurudumu: "Sanda! Sanda, kuja ule!" Madereva wapya hushtuka, wakaelezwa, wakacheka. Ni mzaha mzuri. Unapendwa kuliko yote aliyowahi kutunga.

Yeye mwenyewe hawezi kumwita. Akimtaka anapiga kofi moja na kusema, "Yule aje." Mtoto haji. Hajui kama ni yeye. Amerithi kutoka kwa baba yake hiyo tabia ya kutoitikia.

Kilichomshangaza Okiria ni madereva. Waliona mtoto amelibeba lile jina, anakula, ananenepa, haugui hata mafua, wakapiga hesabu zao za kidereva: laana gani hii inaota mashavu? Wakaanza kunywa chai ya bibi yake. Kwanza mmoja, kwa majaribio, akaenda Kampala akarudi. Halafu wote. Mama alisogea kutoka mkiani, kidogo kidogo, mpaka mbele kabisa, pale lori linapokaa hadi dereva apate njaa. Amejenga kibanda cha mabati, na fundi wa Busia amemchorea maandishi mekundu juu ya mlango.

Okiria alisimama nje ya kibanda hicho asubuhi moja, anatoka zamu, koti mkononi. Alikuja kwa sababu mtoto alikuwa ndani. Alisoma yale maandishi polepole, herufi kwa herufi, midomo ikitembea: KWA ANJELINE. Alilisema mara moja, chini chini. Hakuna aliyelihitaji tena.

Akaingia, akakaa mwisho wa benchi. Mtoto alikuwa anacheza na vifuniko vya soda chini ya meza. Anjeline alimimina chai, akaiweka mbele yake, akanyoosha mkono alipwe kabla Okiria hajaonja.

"Mbona huyu amelipa ishirini?" Okiria aliuliza, akimwonyesha dereva aliye kando yake.

"Ni bei yake."

Okiria aliingiza mkono mfukoni. Chini ya meza mtoto alikuwa amegusa kiatu chake, akakichunguza, akarudi kwa vifuniko.

Chai kwa Anjeline ni shilingi ishirini. Ya Okiria ni hamsini.